Mguu wa Bukuru Umetoka Kwenye Jina Lako

Wamelifuta! Butoyi, lile deni la mguu wa pacha wako wamelifuta kwenye ripoti yako, na nyumba ya Hilliard ni yako, yule mama wa ofisi nimemsikia kwa masikio yangu haya mawili!

Haya, sasa salamu. Mwanangu, hujambo? Mimi sijambo, baba yako hajambo, amekwenda kazini anapiga mluzi, jambo ambalo sijalisikia tangu tuhamie Louisville. Wewe umetoka kazini ukaenda moja kwa moja kanisani, vijana wa kwaya wanakuaga, na simu umeizima kama unavyofanya siku zote ukiwa na kwaya. Nimepiga mpaka nimechoka. Kesho asubuhi utakuwa garini na wale wasichana wawili wanaokupeleka Columbus, na mimi sina tabia ya kusema mambo ya nyumbani mbele ya watoto wa watu. Kwa hiyo naandika. Barua utaikuta juu ya mto wako.

Bahasha nimeifungua mimi. Najua ilikuwa na jina lako peke yako, na umeniambia mara ngapi kwamba katika nchi hii kufungua barua ya mtu mzima ni kosa mbele ya serikali. Waambie waje wanikamate. Niliona ile alama ya ofisi ya krediti, wale wanaotunza rekodi za madeni ya watu, pale kwenye kona, mikono ikafungua yenyewe. Na nimeisoma bila kumwita mtu. Mimi wa darasa la saba la kambini! Nilifika kwenye lile neno ulilonionyesha siku ile, “deleted”, nikalisoma kwa sauti, kisha nikamwita baba yako nikamsomea. Akauliza, “Maana yake wamekataa?” Nikamwambia, “Baba Bukuru, maana yake wamefuta. Kaa chini nikusomee vizuri.” Akakaa. Leo mimi ndiye niliyemsomea mume wangu barua ya Kiingereza. Wasimulie huko Columbus.

Halafu nikampigia simu yule mama wa ofisi ya nyumba, Hilliard, hapo karibu na Columbus, kwa Kiingereza changu hiki hiki. Nilijua uliwaomba wakakushikia ile apatimenti, deni lifutwe kwanza, mpaka kesho Ijumaa tu. Nikasema, “Mimi ni mama wa Butoyi.” Akauliza, “Butoyi mwenyewe yuko wapi?” Nikasema, “Yuko kazini, anamalizia siku yake ya mwisho, na ile ripoti yenu mbaya imekufa.” Akacheka. Akasema ripoti mpya wao wameipata tangu asubuhi, lakini mambo ya mtu mzima hawezi kumweleza mtu mwingine hata akiwa mama. Ila kama binti yangu atafika kesho kabla hawajafunga, akiwa na kitambulisho, kuna mkataba unamsubiri asaini. Nikamwambia, “Asante, hujaniambia kitu.” Akacheka tena.

Kwa hiyo hutalala kwenye kochi la mtu. Utaanza shule yako ya meno ukiwa na mlango wako na ufunguo wako. Kwenye foleni zote nilizowahi kupanga sijasikia mtoto wa mtu yeyote anayetia mkono kinywani mwa Wamarekani na kulipwa. Ni wa kwangu tu.

Mambo ya kufunga mlango, kula chakula cha moto, kutotoka na nywele mbichi kwenye baridi, hayo sitayaandika. Umeyasikia miaka yote na huyafanyi. Nataka nikuandikie habari ya mguu tangu mwanzo. Nusu yako unaijua. Nusu yangu hujaisikia vizuri, maana muda wote tulikuwa tunagombana, na mtu anayegombana masikio yake yako kwenye mdomo wake mwenyewe.

Nilipowazaa ninyi wawili kule kambini Kibondo, bloku nzima ilikuja kutazama. Kwetu mapacha hawatafutiwi majina, majina yanawangoja: wa kwanza Bukuru, wa pili Butoyi, awe mvulana awe msichana. Nilitembea na mmoja mgongoni na mwingine kifuani, watu wakanipisha kama mke wa mkubwa. Bibi yako akanipa sheria moja tu. Ukimpa mmoja, mpe na mwingine. Ukimbeba mmoja, mbebe na mwingine. Ukimchapa mmoja, na mwingine mguse hata kwa kidole. Usipofanya hivyo, yule aliyeachwa ataona hatakiwi, ataugua, na mwenzake atamfuata.

Ninyi mlikuwa wazima kati ya watoto waliokuwa wakizikwa. Ungekuwa wewe ungeichezea sheria ile? Mimi niliishika kwa meno. Bukuru alipopata ndala mpya, na wewe ulipata, ingawa zako zilikuwa nzima. Wewe ulipopata surua nilimlaza na yeye, akalia siku kutwa kwa kufungiwa ndani na afya yake. Na hapa Louisville, alipofeli hesabu akatakiwa kusoma wakati wa likizo, nilikupeleka na wewe uliyekuwa umefaulu. Unamkumbuka yule mwalimu? “Na huyu amekuja kufanya nini?” Nikamjibu, “Amekuja kumsindikiza.” Ulinuna mpaka Agosti.

Kambini mlikuwa kwenye kadi moja ya posho. Siku ya mgao karani alikuwa anasoma Bukuru na Butoyi kwa pumzi moja, na kama mmoja wenu hayupo nilirudishwa nyuma ya foleni na mfuko mtupu. Nikazoea. Popote penye dirisha na karani nyuma yake, nawatoa wote wawili. Tulipofika Amerika nikafanya vile vile: vitambulisho vyenu, kadi zenu za soshali, zile za serikali, ambazo namba zake zinafuatana kama ninyi mlivyofuatana, vyote kwenye mfuko mmoja wa plastiki, vimefungwa kwa mpira mmoja.

Ndipo Bukuru akavunjika mguu. Alikuwa na miaka kumi na minane, mtu mzima wa hapa, amemaliza shule juzi, bima ya watoto imekwisha na ya kazi hajapata. Walikuwa wanacheza mpira kwenye yale majani nyuma ya majengo. Wewe ulikuwa dukani unapanga mboga kwenye rafu, baba yako yuko kazini. Nikapanda naye gari la wagonjwa, mfuko wangu mkononi. Kufika, karani akaniuliza kitambulisho cha mgonjwa. Nikatoa vyote viwili, vyako na vyake, nikaviweka mezani, nikasema kwa sauti kubwa, “Twins! Twins!” Nilisema kwa majivuno kama ninavyosema siku zote. Nadhani nilitegemea atapiga makofi. Akachukua vya juu, akaandika, akanirudishia vyote. Vya juu vilikuwa vyako.

Kule ghalani ninakofanya kazi, kifurushi chenye lebo mbili hatukiachi kipite kwenye mkanda. Mashine inasoma ile iliyoiona kwanza, na kifurushi kinakwenda kulala kwenye mji ambao hakuna mtu anayekingoja. Msimamizi wangu anasema hana mtu anayeziona lebo mbili upesi kama mimi, na ni kweli. Lakini siku ile akili ya ghalani niliiacha ghalani. Nilikuwa mama wa mapacha wa Kibondo mbele ya dirisha.

Bili zikaanza kuja na jina lako. Niliona. Usifikiri sikuona. Niliona Butoyi pale juu, nikasema moyoni, Bukuru, Butoyi, si tumbo moja? Bukuru alikuwa ameshatupa magongo, ameshakwenda Buffalo kwa baba yake mdogo, amepata kazi kwenye ghala la vipuri vya magari, anatutumia picha amevaa koti la theluji kama dubu. Sikutaka kumwambia. Nikasema mtoto ndiyo kwanza anaanza kupumua, mwache apumue. Nikawa nanunua mani oda posta, natuma kidogo kidogo, na pale pa jina la mlipaji naandika jina lililo kwenye bili. Lako. Wewe uliniuliza mara moja na bahasha mkononi, “Mama, hii ya nini?” Nikasema, “Ya mguu wa pacha wako, iache, ninaishughulikia.” Ukaiacha. Ulimwamini mama yako.

Kisha baba yako akapunguziwa masaa, nikaacha kutuma. Hawakupiga kelele, nikadhani wameshiba. Kumbe wenye hospitali wameliuza kwa watu wa kukusanya madeni, na wale wameliandika kwenye krediti yako.

Wewe ukapata shule. Ukapata na apatimenti, ukalipia fomu ya kuiomba, ukaninunulia soda. Barua ya kukataliwa ikaja. Ulikuwa umesimama karibu na jiko, unaisoma, na chapati yangu ikaungua kwa sababu nilikuwa nakutazama uso. Ukasema, “Wanasema nina deni la hospitali. Mama, mimi sijawahi kulala hospitali tangu nizaliwe.” Nikajua palepale. Wewe ulichukua dakika chache zaidi.

Nusu yako naikumbuka vizuri. Uliagiza ripoti, maana barua ile ilisema mtu akikataliwa kwa ajili ya krediti ana haki ya kuiona bure. Ukaileta mezani na kalamu nyekundu. Ukaniambia kuna njia, unawaandikia kwamba hili si langu, ni la fulani, na kwa sheria wanapaswa kuchunguza. Mimi nikasema hapana.

Nilisema vibaya. Nilisema, “Pacha hamshitaki pacha mwenzake.” Nikasema, “Ukiliandika jina la Bukuru kwenye karatasi hiyo, ujue umemkata.” Ukanijibu kwa Kiingereza, “Mom, I'm not his spare.” Halafu, kwa sababu uliona sikuelewa, ukarudia kwa Kiswahili, taratibu, kama unavyosema na wazee kanisani: “Mama, mimi si gurudumu lake la akiba.” Nikakwambia utoke jikoni kwangu. Siku zile hukuniita hata kuniuliza chumvi iko wapi.

Sikuwa natetea deni, mwanangu. Nilikuwa naogopa. Wewe uliona karatasi, mimi niliona vile vitoto viwili kwenye mkeka na mama yangu ananyoosha kidole. Miaka ishirini nilikuwa nimekata kila kitu katikati, hakuna aliyeugua, na sasa unataka niseme hiki ni cha huyu na hiki ni cha huyu. Sikuwa nimewahi kusema hivyo tangu mzaliwe.

Ukaandika peke yako kwa kompyuta ya maktaba, bila kutaja Bukuru, kwa heshima yangu. Hilo sijakushukuru, nakushukuru leo. Uliandika tu kwamba hujawahi kutibiwa pale. Jibu likaja: wamechunguza, deni limethibitishwa. Namba ni yako, anwani ni yako, na tena mwenye deni amekuwa akilipa. Mani oda zangu! Kila moja niliyotuma ilikuwa inasema kwa niaba yako, ndiyo, ni langu.

Nilimsimulia Mama Furaha, jirani yetu Mkongo wa ghorofa ya chini, tukiwa mapumzikoni kazini. Nilitaka anihurumie. Akaniangalia huku anamenya yai. “Bon, Mama Bukuru. Ile muguu njo ya nani?”

“Ya Bukuru.”

“Na deni njo ya nani?”

“Ya Bukuru.”

“Na Bukuru anajuaka?”

Nikaanza kufunika bakuli langu.

“Donc,” akasema, “ule mutoto mwanaume unamufichaka muguu yake mwenyewe? Na ule mwanamuke unamubebesha? Weye unasema unawagawanyaka sawa-sawa. Mi naona mumoja ana miguu mitatu, mwingine moja.” Akala yai lake.

Nilikasirika naye mpaka mwisho wa zamu. Kisha nikampigia ndugu yako.

“Bukuru, kuna neno.”

“Nani amekufa?”

“Hakuna aliyekufa. Ni habari ya mguu wako.”

“Mguu wangu mzima, mama. Jana nimefunga bao.”

Nikamweleza. Hakujua chochote, Butoyi. Alidhani hospitali walimsamehe kwa ajili ya umaskini, nami nilimwacha aamini hivyo. Nikasikia mashine za kwao zinalia nyuma yake. Kisha akasema, “Mama, umenidhulumu.”

“Nimekudhulumu nini? Mimi niliyekulipia!”

“Umenidhulumu deni langu. Mimi huku najiita mwanaume, naweka picha na koti, kumbe dada yangu huko anachechemea kwa mguu wangu. Mpe simu.”

Nikaja nayo chumbani kwako, sikugonga. Nusu hii unaijua, lakini acha niiandike kwa sababu ninaipenda. Akasema, “Toyi.” Ukasema, “Nini?” Akasema, “Ulikuwa wa kushoto. Waandikie wa kushoto, wasije wakanikata wa kulia.” Ukacheka, halafu ukalia, halafu ukaniambia nitoke. Nikatoka. Nikasimama nyuma ya mlango, nikasikiliza yote.

Kuanzia pale kazi ilikwenda kama kazi. Bukuru akaandika barua yake kwamba aliyevunjika ni yeye, deni ni lake, dada yake hajawahi kuvunjika kitu chochote ila shingo kwa kiburi. Ile sentensi ya mwisho ulimfanya aifute. Akaisaini benki, Buffalo, mbele ya mtu wa muhuri. Mimi na wewe tukaenda ofisi ya bili ya hospitali. Yule dada akafungua kompyuta, akakutazama, akaitazama kompyuta. “Hapa panasema mgonjwa ni mwanaume.” Ukamjibu, “Ndiyo sababu nimekuja.” Mwanangu, nilitamani bibi yako awepo asikie. Wakatupa barua kwamba bili iliandikwa kwa namba ya mtu asiyehusika, wakawaandikia na wale wakusanya madeni walirudishe.

Halafu bahasha nne, moja kwa kila ofisi ya krediti, zote tatu, na moja kwa wakusanya madeni, zikatumwa kwa ile njia ambayo anayepokea anasaini. Mimi nilitaka kutia kadi zenyewe waone hatudanganyi. Ukanishika mkono, “Nakala tu, mama, nakala.” Sasa nikwambie kitu. Ulipogeuka kutafuta stempu, kwenye bahasha moja nilitia nakala ya ile picha yenu ya Kibondo, mmekaa kwenye beseni moja. Nilitaka wajue ni watu wawili. Sijui ni ofisi gani, lakini hakuna aliyelalamika.

Mwezi mmoja waliopewa na sheria ulikuwa mrefu kuliko mimba yenu. Ofisi mbili zilishajibu, na leo imekuja barua ya ile ya tatu.

Lipo jambo moja bado. Ile ofisi ya tatu wamefuta deni, lakini pale pa anwani wameandika kwamba umewahi kuishi Buffalo. Hujawahi hata kuona theluji ya Buffalo. Ni nyumba ya baba yako mdogo hiyo, wamechanganya tena. Nimezungushia kwa kalamu yako nyekundu. Waandikie ukishatulia. Usiseme ni kidogo, hata la mguu lilianza na kadi mbili juu ya meza.

Nimewanunulia mablanketi, lako limo kwenye sanduku la bluu. La Bukuru, rangi ileile, litakwenda Buffalo kwa posta. Najua, najua. Mablanketi hayaandikwi kwenye krediti.

Nimefikiri sana juu ya sheria ya bibi yako, na sitaki umdharau. Alikuwa anawalinda na kifo, na hamkufa. Ila mimi niliendelea kuwakata sawasawa mpaka mambo ambayo hayakatiki, nikamnyima mmoja aibu yake na uzito wake, nikampa asiye na kosa. Na lile nililoliogopa halikutokea. Umeandika jina lake kwenye karatasi ya serikali, na sasa mnazungumza kila Jumapili, mnacheka, na mimi hamnipigii. Deni analilipa mwenyewe, kwa mpango aliokubaliana na hospitali. Kila akilipa ananitumia picha ya risiti, bila neno. Mimi namjibu kwa picha ya mguu.

Na huko Hilliard watakujia watu wetu. Hilo nalijua kama ninavyojua njia ya kwenda kazini. Mtu atafika na watoto wake, hana historia hapa, atakwambia dada, jina lako ni safi, nichukulie simu, nisainie gari. Sikukatazi. Sisi wenyewe tulipokuja, nyumba ya kwanza tulisainiwa na mzee wa kanisa ambaye hakuwa ametujua hata mwezi, na mpaka leo nikipika vizuri nampelekea. Yeye alisoma kila ukurasa kabla ya kusaini, akatuambia mbele yetu anachokiogopa. Mimi niliyamwaga majina yenu mezani nikaondoka na kifua mbele. Ukitoa lako, litoe kama yule mzee. Na ukikataa, kataa mapema, usimzungushe mtu.

Basi. Wali uko kwenye sufuria ndogo, nimesema sitaandika mambo ya chakula lakini uko. Usiniamshe ukirudi, nitakuwa macho.

Kesho ukifika pale ofisini usome mkataba wote, hata yale maandishi madogo, na umuulize yule mama wageni wangapi wanaruhusiwa kulala, usione haya. Bukuru ameomba likizo, anakuja kwa basi kutoka Buffalo na baba yako mdogo. Baba yako ameshabadilishana zamu. Mama Furaha anasema bila yeye hapaliki, ataleta sombe yake ya majani ya muhogo na sufuria yake. Mimi ndiye nitakayegonga, hakuna atakayetangulia mbele yangu kwenye mlango wa mtoto wangu. Tunakuja wote, Jumamosi ya wikendi ya Leba Dei, sikukuu yao ya wafanyakazi, saa sita mchana.

Mama yako